Kipindupindu cha mwambao wa Tanganyika na kisa cha Rumonge

Kipindupindu, au kolera kama kinavyoitwa zaidi Burundi, ni ugonjwa wa utumbo mwembamba. Kijidudu chake huingia na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kutoa sumu. Sumu hiyo haiutoboi utumbo wala kuuchubua. Huufanya umwage maji na chumvi za mwili bila kukoma. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Choo hutoka cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, macho hudidimia, na ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi. Asipotibiwa, jua la asubuhi ya pili huenda asilione.

Maradhi haya si wenyeji wa Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 yalitoka Asia yakifuata njia za wafanyabiashara na mahujaji. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, aliwahoji watu wa misafara, akaridhika kwamba safari ile ugonjwa uliingia kisiwani ukitokea bara, kupitia Umasaini na Pangani. Kitabu chake kilitoka 1876, miaka 8 kabla Robert Koch hajautangazia ulimwengu kijidudu chenyewe. Christie aliufuata ugonjwa kwa nyayo za wapagazi tu, na kazi yake ingali inasomwa.

Wimbi la saba la kolera duniani lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika 1970 na Burundi 1978. Tangu hapo kolera ya Burundi imekuwa hasa ugonjwa wa Imbo, ukanda wa chini unaopakana na mto Rusizi na ziwa. Milimani huonekana kwa nadra. Ng'ambo, upande wa Kongo, Uvira na Kalemie zina historia kama hiyo hiyo, jambo lisiloshangaza kwa miji inayopelekeana boti, samaki na wachuuzi kila siku.

Rumonge, kilomita kama 70 kusini mwa Bujumbura, ni mji wa mawese na ndagala, na Kiswahili kimezoeleka sokoni na ufukoni. Mwaka 1992, baada ya miaka kama 4 ya utulivu, kolera ilirudi Imbo na kuupiga mji huo. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 56 na watu 112 wasiougua: nani alikunywa nini, nani alioga wapi, nani alikula nini. Waliokunywa maji ya ziwa waliugua zaidi, na hata kuoga ziwani kulionyesha hatari. Kijidudu kilipatikana katika maji ya ziwa, si katika vyanzo vingine vya maji vilivyopimwa, na dawa kadhaa za kuua vijidudu hazikukiweza tena. Samaki, ambao aghalabu ndio wa kwanza kushukiwa, waliachiwa: wa kupikwa wala wa kukaushwa hawakuongeza hatari. Matokeo yalichapishwa 1997 katika jarida la Lancet.

Ufukoni jambo lenyewe halihitaji ufafanuzi. Mama anasugua sufuria kwa mchanga, watoto wanajitosa hatua chache kutoka hapo, mvuvi anasuuza wavu, na ndoo ya maji ya kunywa inajazwa katikati yao.

Tiba ni nyepesi kuliko ugonjwa unavyotisha. Wengi hupona kwa maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mahututi hutundikiwa dripu. Katika vituo vya tiba wagonjwa hulazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, ili kinachotoka kipimwe na kirudishwe kwa kipimo hicho hicho.

Mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbia ghasia za kisiasa walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kusini kidogo ya mpaka, chenye mlima mgongoni na ziwa mbele. Waliishi wakinywa na kujisaidia pale pale, kolera ikazuka, ikaua zaidi ya watu 30. Meli ya Liemba, iliyoundwa enzi za Wajerumani, iliwahamishia wengi Kigoma, na mwezi uliofuata chanjo ya kunywa ilitolewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Mwaka 2024 ziwa lilifurika hadi ndani ya nyumba za Rumonge, na vyoo vya shimo vilivyokuwa nchi kavu vikawa ziwani.