Kani Nyanyuzi: Bati la Mazwi na Bawa la Ndege

Fundi anayevusha bati la geji 28 pale Mazwi, mjini Sumbawanga, miezi ya kiangazi upepo unapovuma juu ya Ufipa, hulilaza na kuelekeza makali yake upepo unakotoka. Akijisahau, makali ya mbele yakanyanyuka kidogo tu, bati linataka kumponyoka lipae. Akilisimamisha wima kama ukuta, halipai tena, linamsukuma kinyumenyume. Somo la bawa la ndege limo humo. Kinachokosekana ni jina la nguvu iliyotaka kumpokonya bati lake.

Wengi huiita lifti. Lakini lifti ina kazi zake tayari: iko ya ghorofani, na iko ile anayoomba mtu aliyeachwa na basi la Laela. Wapo wanaopenda mwinuo. Linapendeza sikioni, ila limepakana mno na mwinuko, neno tunalolihitaji kwa kimo cha nchi kutoka usawa wa bahari. Liambie darasa la watoto sitini kwamba mwinuko ukizidi mwinuo hupungua, kisha kusanya madaftari uone walichoandika.

Napendekeza kani nyanyuzi. Kani ni neno la fizikia ya Kiswahili la siku nyingi. Na nimechagua kunyanyua badala ya kuinua kwa makusudi: macho huinuliwa, gunia la mahindi hunyanyuliwa. Kitenzi hiki kina uzito ndani yake, nayo kani hii kazi yake ni kupambana na uzito.

Inatoka wapi? Bawa linapokata hewa likiwa limeinama kidogo, huipindisha hewa ielekee chini. Newton alishatuambia kwamba ukisukuma, nawe unasukumwa: hewa ikienda chini, bawa husukumwa juu. Ukipima kanieneo, utaikuta imepungua mgongoni mwa bawa kuliko tumboni. Hayo si maelezo mawili yanayoshindana, ni jambo moja lililotazamwa pande mbili. Ningefurahi tukiacha kuwafundisha watoto kwamba hewa ya juu hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini kwa wakati mmoja. Hailazimiki kukutana naye, na kwa kweli humtangulia. Bawa nalo likiinamishwa kupita kiasi, hewa hubanduka mgongoni, kani nyanyuzi huporomoka na ukinzani huzidi, kama lile bati lililosimamishwa wima.

Kasi ndiyo yenye nguvu kubwa hapa: ukiizidisha mara mbili, kani nyanyuzi huzidi mara nne. Lakini inategemea pia hewa yenyewe ni nzito kiasi gani, na hapo ndipo Sumbawanga inapokuwa darasa. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa sanifu wanayoitumia wahandisi, mita moja ya ujazo ina kilo 1.225 za hewa kwenye usawa wa bahari; kwenye kimo chetu zinabaki takribani 1.03. Upungufu huo ni kama asilimia 16. Ndege iliyoruka Dar es Salaam, ikiwa na uzito uleule, hapa itahitaji kasi iliyozidi kwa asilimia 9 hivi kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, hivyo nguvu yake hupungua wakati inapohitajika zaidi. Jua la saa nane mchana likiwaka, hewa hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Rubani anabaki na mawili: apate njia ndefu ya kurukia, au apunguze mzigo.

Fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto hukutana na dhana ngeni na neno geni siku moja. Walimu wa Sumbawanga, mpeni kwanza dhana kwa lugha yake, kwa mfano wa mji wake. Andikeni ubaoni: kwa kasi ileile, mwinuko ukizidi, kani nyanyuzi hupungua.