Ngoma ya Juni 30 wakati masomo ilifungwa

Mara hii katika historia yetu tunaandika juu ya mwaka 2020. Wengi wanaukumbuka kwa barakoa na maji ya kunawa mikono. Sisi tunaukumbuka pia kwa ngoma.

Raisi Tshisekedi alitangaza Machi 18 kwamba masomo yote inafungwa majuma manne. Yale majuma manne ikakuwa karibu miezi saba: darasa za mwisho zilirudi Agosti 10, wengine Oktoba 12. Kukusanyika zaidi ya watu 20 ikakatazwa. Na katikati ya ile kimya njo Juni 30 ikafika, uhuru ukitimiza miaka 60. Serikali ikasema hakuna defile, kila mtu akumbuke nyumbani kwake.

Kwa watu wengine ilikuwa siku moja tu imepotea. Kwa watoto wetu, hapana. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa anaitwa “mtoto wa kambi” hata akisha kukaa hapa miaka. Siku ile anapopita mbele ya watu na kucheza ngoma ya kwao, njo siku majirani wanamuuliza: huyu ni wa nani? Na baba yake anaitika.

Lazima tueleze ile ngoma ilitoka wapi. Vita ya 1996 ilituvusha Tanganyika mpaka Kigoma, wengi wakaingia Nyarugusu, wengine Lugufu. Kule watoto walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na kila Juni 20, siku ya wakimbizi, walicheza. Lakini walimu na wamama walitoka vijiji mbalimbali. Wimbo ukaanza kwa Kibembe, katikati ukaingia Kifuliru, mwisho Kiswahili cha Kigoma. Kuanzia Oktoba 2005 mashua zilipoanza kuturudisha Baraka, tulibeba sufuria, mabati, na zile nyimbo zilizochanganyika.

Sasa, mwaka 2020, kufundisha watoto ambao hawawezi kukutana? Radio Okapi ilipitisha masomo hewani, na pale sauti ilifika, watoto walikaa kando ya redio na daftari. Shida ilikuwa mapile. Chama kikanunua kwa mchango wenu, redio zikazunguka kwa zamu kutoka lupango moja mpaka lingine. Lakini redio haifundishi miguu. Kwa ngoma tulitumia simu: mama mmoja aliyebaki Nyarugusu aliimba, akatuma sauti kwa WhatsApp, na huku mwenye simu akaweka kipaza juu, watoto wane ao watano wanasikiliza, wanarudilia. Mtandao ukikatika, bibi wa pale pale anaendelea.

Wazee walicheka kuona tunashangaa. Wao pia waliujua wimbo wa uhuru kwa redio! Indépendance Cha Cha, Grand Kallé na African Jazz waliupiga Bruxelles mwanzo wa 1960, wakati wa Meza ya Duara, na watu waliucheza kabla uhuru wenyewe haujafika. Lingala yake si wote waliielewa. Walicheza tu.

Mabishano yakatokea kwa maneno. Mzee mmoja ambaye hakukimbia alisikia watoto wakiimba, akasema: “Ile si yetu, mumeiharibu kule kambini.” Alikuwa na haki ya kusema, alikaa hapa wakati wote wa vita, akizika watu. Mama mmoja akamjibu kwa heshima: “Baba, kule njo tuliilinda. Bila kambi, hawa wangeimba nini?” Tulikaa siku mbili juu ya jambo hilo. Mwisho mzee akakubali kuwafundisha mwanzo wa zamani, na sehemu ya kambi ikabaki mwishoni. Kwa maoni yetu, ule wimbo sasa una historia yote ndani yake, kuliko kitabu chochote cha masomo.

Juni 30 walicheza katika malupango, vikundi vidogo, wazazi wakisimama mbali. Mzee alipiga ngoma yeye mwenyewe. Tulirekodi kwa simu, tukatuma Nyarugusu siku ile ile, na jioni tukapata sauti za vigelegele kutoka kule.

Masomo ilifungwa tena Desemba 18, ikafunguliwa Februari 22, 2021. Redio zile zilitumika tena, na zingali kwa mweka hazina. Mwanachama anayehitaji aje aandikishe jina; mapile ajiletee.