Mbegu Bora, Mtoto Mpweke

Sisi vijana wa Kondoa tulikutana na binadamu walioboreshwa kwenye mabanda ya video. Msimuliaji anatafsiri kwa sauti nzito, na kwenye kioo mtu anapigwa risasi kumi haanguki, anaruka ghorofa kama anaruka mfereji. Tukitoka nje ubishi unahamia kijiweni: nani kiboko yao? Sijawahi kusikia mtu akiuliza: hivi huyu jamaa alilelewa na nani? Alicheza na watoto gani? Alipolia usiku, nani aliamka?

Nasema hivi, ndugu msomaji: swali hilo la malezi ndilo roho ya hadithi hizi tangu zilipoanza. Nguvu ni mapambo tu. Na sisi Waswahili tulikuwa na swali hilo kabla banda la video halijajengwa.

Tuanzie Ulaya. Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18 (ninyi mnaosema "bado sijakomaa kuandika", mpo?). Kitabu kikatoka 1818. Kiumbe wake hakutengenezwa kwa vinasaba, maana elimu hiyo haikuwepo, lakini ndiye babu wa wote waliofuata: mrefu kupita kiasi, mwepesi, mwenye nguvu kuliko mtu yeyote. Aliyemuumba, Victor, alimkimbia usiku uleule alipofumbua macho. Basi kiumbe akajifunza lugha peke yake, akichungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta. Siku alipojitokeza, mzee kipofu alimpokea vizuri. Wenye macho wakamtimua kwa fimbo. Ni baada ya hapo ndipo alianza kuua. Mary Shelley alifiwa na mama yake siku chache tu baada ya kuzaliwa. Alijua anachokiandika.

Sasa turudi nyumbani, Pwani. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, kisa ambacho watu walikuwa wakikisimulia zamani sana kabla yake. Shuleni wengi tulikaririshwa kwamba Liyongo ni shujaa aliyetoroka gerezani, basi, mwisho wa kipindi. Lakini hebu soma tena pale Wagala, yaani Waoromo, walipomwona. Waliustaajabia ule mwili wakataka aoe kwao. Kwa nini? Walitaka mbegu! Walitaka mtu wa aina ile azaliwe katika ukoo wao. Huko ndiko kuboresha kizazi, bila maabara wala koti jeupe.

Mbegu ikapatikana, kijana akazaliwa akakua. Ila moyo haukuja na mbegu. Sultani wa Pate alimwahidi cheo na binti yake, naye akaenda kumuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Liyongo alihisi kwamba mwanawe amerubuniwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Alikufa amepiga goti, mshale upindeni, watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Kijana hakupewa alichoahidiwa. Alikufa akiwa amekataliwa.

Angalia tofauti ya hawa wawili, baba na mwana. Liyongo, na ujitu wake wote, alikuwa na mama. Alipofungwa, mama alimpikia mkate wa wishwa, ambao walinzi hawakuutamani, akaficha tupa ndani yake. Yule jitu alikombolewa na mkate! Mwana alitamaniwa kwa ajili ya mwili hata kabla hajazaliwa. Mimi kila nikiusoma utenzi huu namhurumia muuaji karibu sawa na aliyeuawa.

Miaka 19 baada ya Kijumwa, mwaka 1932, Mwingereza Aldous Huxley akatoa riwaya ya Brave New World. Humo watoto hawazaliwi, wanatolewa kwenye chupa kiwandani, wamepangwa madaraja kuanzia Alfa wenye akili mpaka Epsiloni wa kubeba mizigo. Na katika sura ya kwanza kabisa utakutana na nani? Mombasa! Kiwanda cha Mombasa kimetoa watu wapatao 17,000 kutoka ovari moja tu, kinaipita London. Mombasa hiyohiyo ya Pwani yetu ya tenzi imegeuzwa shamba la kuzalisha watu.

Katika dunia hiyo neno "mama" ni tusi. Fikiria mwenyewe, sisi ambao hata muuza mandazi tusiyemjua tunamwita mama. Mtu akihuzunika anapewa kidonge kinachoitwa soma (jina tu, siyo kusoma, vitabu vya zamani wamekatazwa). Ila riwaya inasimama juu ya Alfa wawili ambao kidonge hakiwatoshi. Bernard Marx ni mfupi kuliko Alfa wenzake, watu wanamnong'ona kwamba pombe iliingia kwenye chupa yake kwa bahati mbaya. Helmholtz Watson yeye ana kipaji kupita kiasi. Mmoja amepungua, mwingine amezidi, na wote wawili wanaishia kwenye ugonjwa mmoja: upweke. Kiwanda kilipanga kila kitu isipokuwa mahali pa kupeleka moyo.

Usidhani yalikuwa mambo ya vitabuni tu. Kaka yake Aldous, mwanabiolojia Julian Huxley, alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1929 na kuandika kitabu juu ya safari hiyo. Julian aliamini katika yujeniksi, ile nadharia ya kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Mwaka 1933, Nairobi, walowezi na madaktari waliunda chama chao cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Kinara wao alikuwa Dakta H. L. Gordon wa hospitali ya akili ya Mathari, aliyepima vichwa vya Waafrika akadai ubongo wetu ni duni kwa asili. Epsiloni bila chupa, jamani! Kwa hiyo mtu akiniambia hadithi za kisayansi ni za Wazungu, hazituhusu, namjibu kwamba sisi tulikuwa ndani yake tangu zamani, ila kama malighafi.

Tukija miaka ya karibu, waandishi wakaliingiza swali sebuleni. Mwaka 1991 Nancy Kress wa Marekani aliandika Beggars in Spain. Leisha ametengenezwa asihitaji usingizi; anasoma wakati wenzake wamelala. Pacha wake, Alice, amezaliwa wa kawaida. Baba anampenda Leisha, mama anamwelekea Alice, nyumba moja imepasuliwa katikati. Waliolala wanawachukia wasiolala. Mwishoni mtoto mmoja asiyelala anateswa kwao, na anayekwenda kusaidia kumwokoa pamoja na Leisha ni Alice, yule wa kawaida.

Mwaka 1997 ikaja filamu ya Gattaca. Wengi wanamkumbuka Vincent, aliyezaliwa bila kuboreshwa akajipenyeza mpaka angani. Mimi namkumbuka Jerome, mwenye vinasaba safi kuliko wote, aliyepata medali ya fedha badala ya dhahabu akajitupa mbele ya gari. Kila mtu alimwambia atakuwa wa kwanza. Hakuna aliyemfundisha kuwa wa pili. Halafu 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, akatupa The Book of Phoenix: Phoenix ana miaka miwili tu lakini mwili na akili ni vya mwanamke wa miaka 40. Amekulia ndani ya jengo la utafiti New York, na wazazi wake ni vitabu.

Na leo mambo yametoka kwenye karatasi. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui wa Uchina alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri vinasaba ili wasiambukizwe VVU. Alifungwa miaka mitatu. Watoto wakafichwa majina na sura. Dunia nzima ilijadili jeni zao. Malezi yao tulijadili dakika ngapi?

Kuficha watoto tunakujua hapa kwetu. Ualbino si uboreshaji, ni jeni tu iliyoandikwa tofauti. Lakini mauaji yalipopamba moto kuanzia 2007 hivi, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasalimike. Walisalimika mwili. Baadhi walikaa miaka bila kuonana na wazazi. Anayetaka kujua mtoto wa vinasaba tofauti anajisikiaje hana haja ya kwenda sayari nyingine.

Kaskazini mwa mji wetu, kwenye mapango ya Kolo, iko michoro ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wake wamevutwa wakawa warefu kama mianzi, vichwa vikubwa ajabu. Katika mchoro mmoja mtu wa katikati ameshikwa mikono na wengine, huku na huku. Mary Leakey, aliyeinakili michoro hii mwaka 1951, aliona wanamteka. Watafiti wengine wameona ngoma ya kupandwa na mizimu: wanamshika asianguke. Mwili ni uleule wa ajabu. Kinachobadilisha hadithi ni mikono ya waliomzunguka.

Basi, wenzangu wenye kalamu, kazi ndiyo hiyo. Mzae huyo mtoto hapahapa Kondoa, mpe jina la Kirangi, mpe damu isiyougua au macho yasiyolala. Usituambie kwanza anaweza kufanya nini. Tuambie wenzake walipolala yeye alikaa na nani, na bibi yake alisema nini alipomkuta macho saa nane za usiku. Ile ya risasi kumi tumeshaiona.