Miaka ya Tuhuma Marekani

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ya Waswahili haikujulikana Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini ilitumiwa huko kana kwamba ni sheria. Mwezi wa Machi 1947 Rais Harry Truman alitia saini amri ya kuchunguza utii wa watumishi wote wa serikali kuu. Aliyetuhumiwa aghalabu hakuonyeshwa mshtaki wake wala hakuambiwa jina lake. Mwanzoni ilitakiwa ipatikane sababu ya kuamini kuwa mtu huyo si mtiifu. Tangu Aprili 1951 ilitosha kuwapo shaka juu ya utii wake. Badiliko hilo lilikuwa dogo katika maandishi na zito katika maisha ya watu, maana shaka haihitaji ushahidi, na mwenye kushukiwa ndiye aliyetwishwa kazi ya kuiondoa.

Hofu yenyewe haikuzuka bure. Urusi ililipua bomu lake la kwanza la atomiki Agosti 1949. Oktoba wakomunisti wakaishika China. Na mapema mwaka wa 1950 Klaus Fuchs, mmoja wa wataalamu waliotengeneza bomu la Wamarekani, akakiri huko Uingereza kuwa aliwapa Warusi siri zake. Wapelelezi walikuwako. Walakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wanasiasa wengine walipata faida kwa kuutikisa ung'ongo. Tarehe 9 Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy aliripotiwa kusema mjini Wheeling kwamba ana orodha ya wakomunisti 205 katika Wizara ya Mambo ya Nje. Siku chache baadaye wakawa 57, kisha 81. Mwenye duka ambaye daftari lake hugeuka hivyo hakopeshwi hata kibaba cha mchele. McCarthy alisikilizwa kwa karibu miaka mitano, hata Seneti ilipomlaumu rasmi Desemba 1954.

Vyuo navyo havikusalimika. Mwaka wa 1949 wakuu wa Chuo Kikuu cha California waliamuru kila mwalimu aape kwamba yeye si mkomunisti. Agosti 1950 walimu 31 waliokataa walifukuzwa, na hapana hata mmoja wao aliyeshtakiwa kwa ukomunisti. Mmoja wa waliokataa kuapa alikuwa Ernst Kantorowicz, mwanahistoria aliyetoka Ujerumani, ambaye katika ujana wake aliwahi kupigana na wakomunisti kwa bunduki. Aliyekwisha kuona nchi yake ikiangukia mikononi mwa Wanazi alijua viapo vya namna hiyo huanza na nani, wala huwa haviishii kwake. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwaka wa 1952 kuwa walimu warudishwe. Kantorowicz alikuwa amekwisha kwenda zake Princeton.

Lakini mtu ambaye mambo yake yanaigusa Afrika zaidi ni Paul Robeson. Mwimbaji huyu, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani, alijifunza Kiswahili katika Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1934, wakati ambapo Wamarekani wengi waliidhania Afrika haina lugha ya kusomwa. Mwaka wa 1949 waliohudhuria tamasha lake karibu na Peekskill walipigwa mawe njiani huku polisi wakitazama. Mwaka wa 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Alipokwenda mahakamani kuidai, Wizara ya Mambo ya Nje ilitaja, miongoni mwa sababu zake, kwamba kwa miaka mingi amejishughulisha mno na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hapa pazia lilifunuka: jina la ukomunisti lilikuwa limetandazwa mpaka likafunika hata kudai uhuru wa Mwafrika. W. E. B. Du Bois naye, aliyeshtakiwa mwaka wa 1951 akiwa na umri wa miaka 82 na kuachiliwa mwaka uo huo, alinyimwa pasipoti, hata Machi 1957 bendera ya Ghana ilipopandishwa mjini Accra hakuwako kuiona.

Kumbi nyingi zilifungwa mbele ya Robeson, nyingine kwa amri, nyingi zaidi kwa woga wa wenyewe, na huo wa pili ulikuwa mbaya kwa kuwa haukuacha hati yoyote ya kukatiwa rufani. Mei 1952 aliimba juu ya lori mpakani mwa Kanada. Mei 1957 aliwaimbia watu wa London kwa simu, yeye akiwa New York. Alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge Juni 1956 akaulizwa kwa nini hakubaki Urusi, alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa na jamaa zake walikufa katika kuijenga nchi hiyo.

Juni 1958 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kuwa wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya siasa. Robeson alisafiri kwenda London Julai mwaka huo. Alifungiwa akiwa na umri wa miaka 52. Alifunguliwa akiwa na miaka 60.