Kwa baiskeli kandokando ya Ziwa Kivu

Njia ya Kongo-Nile nchini Rwanda, yenye urefu wa kilomita 227, huanzia Rubavu, kaskazini magharibi, na kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Jina lake latokana na safu ya milima igawayo maji: ya magharibi huingia Ziwa Kivu na hatimaye Mto Kongo, ya mashariki huelekea Nile. Mwendesha baiskeli huimaliza kwa siku tano hivi, akipita katikati ya mashamba ya chai, kahawa na migomba.

Barabara ya lami iliyojengwa kando ya ziwa imerahisisha safari za wenyeji, ila imeleta magari. Atafutaye utulivu hana budi kufuata vijia vya udongo, ambavyo wakati wa masika huwa na utelezi mkali.