Sarafu Saba za Mtoto wa Mhunzi

Msomaji, labda umepata kufunga waya kwenye betri ya kurunzi ukaona taa ndogo ikiwaka mkononi mwako. Leo huo ni mchezo wa watoto wa shule. Lakini zamani elimu ya umeme ilikuwa mali ya mabwana wenye vyombo vya thamani, na mtoto wa maskini hakutazamiwa kuigusa.

Mwaka 1800 Alessandro Volta, Mwitalia, alitangaza ya kuwa vipande vya madini ya namna mbili, vikipangwa kwa zamu na kutiwa kati yake kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, hutoa mkondo wa umeme. Habari hiyo ilienea upesi katika Ulaya.

Wakati huo Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alikuwa angali mdogo. Shuleni hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na hesabu. Mwaka 1805 alitiwa uanagenzi kwa mjalidi wa vitabu mjini London, naye akawa akivisoma vile vilivyoletwa kutiwa majalada. Kimoja kilitungwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa namna ya mazungumzo ya mwalimu na wasichana wawili juu ya kemia. Faraday hakukisadiki bure. Kila neno aliloweza kulijaribu kwa vifaa vyake vichache, alilijaribu.

Julai 1812, akiwa na umri wa miaka 20, alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott. Alikuwa amekata visahani saba vya zinki, akaweka juu yake sarafu saba za nusu peni, na kati yake karatasi sita zilizolowa maji ya chumvi. Basi, hayo yote thamani yake nini? Hata hivyo, alipotumbukiza nyaya katika maji ya chumvi ya haluli, mapovu yakatoka, na baadaye maji yakafanya ukungu. Katika barua hiyo alikariri kwa furaha ya kuwa ni yeye, yeye mwenyewe, aliyefanya kazi ile.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika Taasisi ya Kifalme, na mwaka 1831 akavumbua jinsi sumaku inavyozalisha umeme katika waya. Tangu 1827 hata 1860 alitoa mifululizo 19 ya mihadhara ya Krismasi kwa vijana, akiwaonyesha majaribio badala ya kuwahubiria. Kwa maoni yangu ilipungua jambo moja: watoto walitazama tu, na zile sarafu hazikutiwa mikononi mwao.

Bibi Marcet alifariki mwaka 1858. Mwaka huohuo Faraday aliandika kwamba kitabu chake ndicho kilichokuwa nanga yake, maana alikihoji kwa majaribio akakiona kweli. Na kwamba alipokuwa akimpelekea maandishi yake, alimpelekea kama sadaka ya shukrani.