JIWE LA MCHANGA LA VOSGES NA KATEDRALE YA STRASBOURG

Tukisoma historia ya Eklezya tunajifunza majina ya maaskofu na tarehe za mitaguso. Mawe ya makanisa tunayapita mbio, kana kwamba yalijipanga yenyewe. Leo tunapenda kuwapasha wasomaji habari za jiwe moja: jiwe la mchanga la milima ya Vosges, mashariki ya Ufaransa, ambalo kwalo ilijengwa katedrale ya Bikira Maria mjini Strasbourg.

Jiwe hilo ni mchanga tu. Miaka kama milioni 250 iliyopita mito mikubwa ilimwaga mchanga katika nchi ile, tabaka juu ya tabaka, hata ukashikamana ukawa mwamba. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyomo ndani. Mafundi walitambua aina mbili: ile ya chembe kubwa, nzuri kwa kuta na nguzo, na ile ya chembe ndogo, ambayo mchongaji huitafuta kwa nyuso za watakatifu na mikunjo ya nguo zao. Lakini jiwe hili lina sharti: lilazwe ukutani jinsi lilivyolala mlimani. Likisimamishwa, maji huingia kati ya matabaka. Baridi ya Ulaya ikiyagandisha, uso wa jiwe hubanduka kama ganda la mti.

Askofu Werner aliweka msingi mwaka 1015. Moto wa mwaka 1176 uliharibu kazi yake, wakaanza tena, na ncha ya mnara ikamalizika mwaka 1439: mita 142. Tangu 1647 mpaka 1874 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani kote. Mawe yalitoka machimbo ya upande wa Wasselonne, mwendo wa kilometa kama 25, yakakokotwa na wanyama. Mfereji wa maji ulichimbwa mwaka 1682 tu, kwa shauri la Vauban, tena haukuwa kwa ajili ya kanisa: ulichukua mawe ya ngome za mfalme. Walioinua mnara walikwisha kuzikwa zamani.

Nani alilipa? Tangu karne ya 13 liko shirika liitwalo Œuvre Notre-Dame, ni kusema Kazi ya Bibi Yetu, lenye nyumba, misitu na mashamba ya mizabibu. Watu waliliachia fedha, nguo, hata farasi, na majina yao yakaandikwa katika kitabu ili waombewe. Hapa tunaona siri ya katedrale hii. Jiwe laini namna ile lisingedumu pasipo watu wa kuliangalia kila mwaka. Wengi hutoa sadaka kwa kujenga. Hawa walitoa hata kwa kutengeneza.

Mwaka 1793 wakati wa Mapinduzi, sanamu 235 zilivunjwa. Nyingine ziliokoka kwa sababu mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe, Jean Hermann, alizifukia katika bustani ya mimea. Tena mtu mmoja alitaka ncha ya mnara ibomolewe, eti inavunja usawa wa raia! Wenyeji wakaivika kofia kubwa ya bati, alama ya Mapinduzi, nayo ikapona.

Hatari kubwa ilitoka chini, bila kelele. Mwaka 1903 Johann Knauth, mkubwa wa mafundi, aliona nyufa katika nguzo iliyo karibu na mnara. Kosa halikuwa la jiwe. Msingi wa zamani ulisimama juu ya miti iliyopigwa katika udongo wenye maji. Maji ya chini yaliposhuka, hewa iliifikia miti, ikaoza, na uzito wa mnara ukaanza kuzama. Knauth aliifunga nguzo kwa mkanda wa betoni, akachimba chini yake na kuweka msingi mpya, huku mnara ukiwa juu ya vichwa vya wafanyakazi. Kisha vita vya 1914-1918, Strasbourg ikarudi kwa Ufaransa. Knauth alikuwa Mjerumani: akafukuzwa. Alikufa mwaka 1924, na kazi yake ikamalizika 1926. Sisi tunaona uchungu kwamba mtu huyu aliyeokoa katedrale hakuruhusiwa kuimaliza.

Wachongaji wa shirika wangali wanafanya kazi hata leo. Jiwe lililokwisha kuliwa na mvua na moshi huondolewa, na jingine la rangi na chembe zile zile huwekwa pahali pake. Mwaka 2020 UNESCO iliisifu njia hii ya kurithishana ufundi. Zile sanamu mbili mashuhuri za karne ya 13, Eklezya na Sinagogi, sasa zinakaa ndani ya jumba la makumbusho, karibu na katedrale. Mlangoni pa kusini zimesimama nakala zake, zikinyeshewa.